Siku Ubongo Wangu Ulipotaja Umri Wangu

Jamani, aibu niliyoipata pale Bariadi sijawahi kuisimulia kwa hiari yangu, wanaoijua wameisikia kwa midomo ya wengine na kila mmoja ametia chumvi yake, mpaka juzi nimesikia sokoni kwamba kuna mzee alifungwa mashine kichwani ikamtajia jina la marehemu aliyemuua, na huyo mzee eti ni mimi! Basi bora niseme mwenyewe. Sikumuua mtu. Nilidanganya umri tu, halafu nikaogopa, na ile hofu sitaki hata adui yangu aionje.

Mimi ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kazi niliyoianza nywele zikiwa nyeusi, na kama kuna kitu ninachojivunia ni masikio yangu, maana nikisimama mlangoni tu najua ni beringi gani imechoka kabla mwenzangu hajamaliza kuvaa ovaroli. Wenzangu huwa nawaambia, binadamu atakudanganya lakini mashine haijui uongo, ukiisikia inalia ujue ina sababu. Nayasema hayo kifua mbele. (Mungu naye ana namna yake ya kumnyamazisha mtu.)

Sasa mwaka huu, msimu ulipokaribia, tulifungua mtambo mmoja tukaufanyia matengenezo, tukaufunga, na mkono wangu uko kwenye swichi mwenzangu mmoja akauliza, "Fundi, ile spana namba kumi na saba iko wapi?" Nikapapasa mfukoni, haipo. Tukafungua tena. Ilikuwa imelala ndani, juu ya misumeno, na ningewasha tu ingekatika vipande vikamfuata yeyote aliyesimama karibu. Wenzangu walisema ni bahati mbaya, hutokea. Mimi nilikaa juu ya robota la pamba nikakataa kuigusa tena ile swichi, kwa sababu sikukumbuka hata kidogo kuiweka pale, na kwa sababu ya baba.

Baba yangu, kule Ipililo, alikuwa na ng'ombe wengi na kila mmoja alimjua kwa jina lake, kwa rangi yake na kwa mama aliyemzaa. Ugonjwa wake ulianza kwa kusahau jembe shambani. Kisha akasahau njia ya lambo alikonyweshea ng'ombe maisha yake yote. Mwisho alikuwa ananisalimia mimi mwanawe, "Mwadila, mgeni, umetokea wapi?" na kumuuliza mama habari za mke wake. Majirani walisema amerogwa, wakaanza kumtazama vibaya bibi mmoja ambaye kosa lake lilikuwa uzee tu, mpaka mama akasimama mbele ya watu akasema hapa hakuna mchawi, huu ni ugonjwa. Baba alikufa hanijui. Kwa hiyo nilipoiona ile spana niliona jembe la baba.

Majuma mawili baadaye wakaja watafiti kutoka chuo kikuu, wakafunga mashine yao kwenye ukumbi wa mikutano mjini, wakatangaza kwamba wanataka watu wa makamo wa kazi mbalimbali wapigwe picha za ubongo bure. Picha zikishapigwa zinasomwa na akili mnemba, yaani kompyuta iliyofundishwa kwa picha za bongo za watu wengi wa kila umri, na ikiona ubongo wako inakisia una miaka mingapi. Mke wangu Kabula, ambaye habari ya spana alishaisikia (kwa nani sijui, mimi sikumwambia), akasema twende, ujue moja usilale unahesabu bati.

Hapa lazima niseme jambo ambalo nimelificha miaka yote ya ndoa yangu. Jina langu la kuzaliwa ni Mabula. Nilichunga ng'ombe mpaka nikawa kijana, nikaanza shule nimechelewa, nikamaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kwenda sekondari. Mdogo wangu Malimi alikuwa darasa la sita, mwenye akili kuliko sisi sote, na mwaka ule ule homa ilimchukua kwa siku tatu. Baba mkubwa aliyekuwa Malampaka akasema nafasi ya mtoto isipotee, kimo changu ni kifupi, nani atajua? Nikaenda kule na uhamisho wa marehemu, nikaitwa Malimi, nikafaulu kwa jina lake, nikapata ufundi kwa jina lake, nikaoa kwa jina lake. Kijijini wakiniita Mabula mke wangu alidhani ni jina la nyumbani, kama wengi tulivyo na majina mawili matatu.

Na pamoja na jina nilichukua umri wake. Kwenye vyeti nina hamsini. Kabula ana hamsini na mbili, kwa hiyo tangu tuoane watu wanamtania kwamba kamuoa mdogo wake, na mimi (naona aibu kusema) ndiye niliyekuwa kinara, nikirudi kazini nasimama mlangoni mbele ya wageni nasema, "Shikamoo dada!" Wageni wanacheka, yeye anatabasamu kidogo na kwenda jikoni.

Basi tukafika ukumbini. Daktari aliyetupokea aliitwa Dokta Rehema, mwanamke kijana, Mzigua wa kule Handeni, na alipojua sisi ni Wasukuma, watani zake, akaanza kutuchokoza pale pale. Lakini alipofika kwenye fomu aliacha utani. Alisema, "Baba, hapa andika umri wa kweli, hata kama kitambulisho kinasema vingine. Najua wengi walirudia shule wakapunguza miaka. Karatasi hii haiendi kwa mwajiri wala serikalini, ila kompyuta bila umri wa kweli haitusaidii."

Angeniambia nini tena zaidi ya hapo? Mlango ulikuwa wazi. Lakini Kabula alikuwa amekaa kiwiko kwa kiwiko na mimi, macho kwenye karatasi yangu, nami nikaandika hamsini. Hata kufikiri sikufikiri, mkono uliandika wenyewe, umezoea.

Wakanivua mkanda, saa, funguo, kila chenye chuma, wakanilaza kwenye kitanda chembamba na kichwa changu kikaingizwa ndani ya kitu kama pipa lililokatwa pande zote mbili. "Usijitikise, baba." Kisha ikaanza kugonga. Jamani, mimi nimeishi na kelele za mitambo lakini ile sikuielewa, inagonga, inanyamaza, inakoroma, inagonga tena, nami nasikiliza nijue ina tatizo gani, mpaka nikakumbuka kwamba leo mwenye tatizo anayesikilizwa ni mimi. Nikaingiwa na wazo kwamba kama inaona ndani ya ubongo basi inaona na ninachofikiri, kwa hiyo nisimfikirie Malimi, na mtu akijiambia asimfikirie mtu mnajua inavyokuwa. Nusu saa nzima nilimwona mdogo wangu amesimama miguuni pangu na sare yake ya shule.

Siku nne zikapita. Ya tano simu ikaita. "Baba, ni Dokta Rehema, majibu yako tayari. Njoo, na uje na mtu wako wa karibu."

Mtu wa karibu! Kwetu ukiambiwa uje na mtu wa karibu unaanza kuuliza sanda iko wapi. Nikaenda na Kabula.

Dokta Rehema alitugeuzia kioo cha kompyuta, pale pakawa na ubongo wangu umekatwa vipande vya kijivujivu kama kabichi. Akasema polepole, "Kompyuta imekisia ubongo huu ni wa mtu wa miaka hamsini na tisa. Wewe baba una hamsini. Huu si ugonjwa, msinielewe vibaya, kompyuta inakisia na inaweza kukosea, lakini miaka tisa ni mingi kidogo. Na ulituambia marehemu baba yako alipoteza kumbukumbu. Ningependa juma lijalo uje tukupime kumbukumbu."

Kabula akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza. Sasa mtaniambia, si ungesema hapo hapo? Ningesema. Lakini mke wangu ananililia pale, nimwambie kwamba dada niliyemwamkia miaka yote ni mdogo wangu? Na kuna jambo baya zaidi: sikujua nina miaka mingapi. Kweli kabisa. Nilijua nimemzidi Malimi, lakini kwa mingapi? Kwetu hakukuwa na cheti, na ukidanganya muda mrefu na wewe unaanza kuamini. Moyoni nilikuwa nimejipa hamsini na tatu, nne. Ukitoa kwenye hamsini na tisa inabaki mitano, na ile mitano nayo ni ya nini? Ndiyo ya baba. Ndiyo ya spana. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kukazaa yote yaliyofuata.

Kabula akamwambia dada yake kwa siri. Jumapili kanisani siri hiyo ikasomwa kwenye maombi, "tumwombee mwenzetu Malimi ambaye ubongo wake umetangulia kuzeeka," na kanisa zima likageuka kunitazama kama jeneza linapita. Jumatatu meneja akaniita, akaniwekea kiti cha plastiki kivulini karibu na geti, akasema, "Pumzika fundi, ila naomba usiguse swichi yoyote." Mimi! Watu wakaanza kuzungumza nami polepole na kwa sauti kubwa, "MA-LI-MI, U-ME-KU-LA?" kana kwamba ni kiziwi. Nikienda chooni Kabula anasimama nje anakohoa. Viberiti vikapotea jikoni.

Nami nikaanza kujipima. Kila asubuhi nataja ng'ombe wa baba mmoja mmoja, na siku moja nikafika kwa yule mwekundu mwenye baka usoni, jina halikuja. Nilikaa kitandani nimeshika kichwa, nikasema ndiyo hii, imeanza. Usingizi ukaisha, na asiyelala anasahau kweli, nikatia chumvi kwenye chai mbele ya wageni, nikamwita mwenzangu jina la kaka yake. Niliogopa jamani. Niliogopa siku ya kumwamkia Kabula "mwadila, mgeni." Kuna jioni nilijifungia chumbani nikalia kama mtoto, halafu nikatoka nimenawa uso nikasema vumbi.

Siku ya kipimo ikafika. Ukumbi umejaa, mabenchi yote watu, nusu ni wenzangu wa kiwandani waliokuja kupigwa picha zao, na kati yetu na wao kuna pazia la kitenge tu. Nimekaa na Dokta Rehema mbele yangu, Kabula pembeni.

"Baba, tuanze na rahisi. Taja jina lako kamili."

Nikafungua mdomo. Sijui kilichonipata. Niliyaona majina yote mawili yamesimama, na baada ya siku zile zote za hofu nikaona kama nikitaja la uongo kwenye kipimo cha kumbukumbu sitajua tena nini ni kusahau na nini ni kudanganya. Daktari akaandika kitu.

"Mabula," nikasema.

Kabula akashtuka. "Dokta, anaitwa Malimi."

Daktari akaandika tena. "Sawa. Ulizaliwa mwaka gani?"

"Sijui."

Kalamu ikakimbia. Nikaona inavyokimbia, nikaingiwa na woga, nikasema kwa haraka, "Dokta, sikiliza, mimi si Malimi. Malimi alikufa."

Mke wangu alipiga yowe. Yowe lile la msibani, mikono kichwani, "Mayu we! Ameshaondoka! Mume wangu ameshaondoka!" Kule nje ya pazia mabenchi yakakwaruza sakafu, pazia likafunuliwa, vichwa kama kumi vikaingia, na mimi kadiri ninavyozidi kueleza ndivyo ninavyozidi kuonekana mgonjwa. "Malimi ni mdogo wangu, alikufa akiwa darasa la sita, mimi nilichukua nafasi yake!" Mwenzangu mmoja akanishika bega akasema kwa huruma, "Tulia fundi, Malimi yupo, ni wewe." Nikamwambia toa mkono. Akasema, "Unaona, hasira nazo ni dalili."

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote, maana kwa sekunde chache nilijiuliza, na kama wao ndio wako sahihi? Kama hakuna Malimi aliyekufa, ni ubongo wangu umeniundia ndugu?

Nikamwambia Kabula, "Mpigie dada Minza. Mpigie sasa hivi, uliza wewe mwenyewe."

Dada Minza ndiye mkubwa wetu, yuko Ipililo, na masikio yake yamechoka, ukimpigia lazima simu uifungulie sauti yote, naye anapiga kelele kana kwamba anakuita kutoka ng'ambo ya mto. Kabula, kamasi na machozi, akapiga.

"Mwadila dada!"

"Mwadila, wifi yangu! Mhola, kwema?"

"Si mhola, dada. Naomba uniambie, Malimi alizaliwa mwaka gani?"

Ukumbi mzima ukaisogelea simu.

"Malimi yupi?" dada akauliza. "Marehemu?"

Nilisikia mtu nyuma yangu anasema "Yesu wangu."

"Huyu mume wangu, dada!"

"Huyo ni Mabula! Malimi tulimzika, huyo wako akaenda Malampaka kusoma kwa jina lake. Gashinaga, kumbe hajakwambia mpaka leo? Mabula weee! Hujamwambia mkeo?"

Dokta Rehema akainama kwenye simu, akauliza kwa adabu, "Shikamoo mama. Huyo Mabula ana miaka mingapi?"

"Marahaba. Mimi nilibatizwa, padri aliandika, nina sitini na tatu. Mabula alizaliwa mvua ile iliyoangusha nyumba ya babu, nami nilikuwa na sita, nimembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Toa mwenyewe!"

Hamsini na saba. Dokta Rehema akafuta hamsini kwenye kompyuta yake, akaandika hamsini na saba, akatazama, akashusha pumzi. Akasema tofauti ya miaka miwili hata kompyuta yenyewe hukosea zaidi ya hapo. Kisha akawatoa watu, akafunga pazia, akanipima upya kuanzia mwanzo, maneno ya kukumbuka, tarakimu za kurudisha kinyumenyume, picha za kuchora, na nikayajibu yote, tena yule ng'ombe mwekundu akaja mwenyewe bila kuitwa: Kasimba. Daktari akasema hawezi kuniahidi nikiwa na miaka themanini nitakuwaje, lakini leo haoni dalili ya ugonjwa wa baba, na kuhusu spana, watu husahau spana.

Ndipo utani ukamrudia. "Nyie Wasukuma," akasema, "tulijua mnaficha ng'ombe siku ya kuhesabiwa mifugo, kumbe mnaficha na miaka!"

Nje ya pazia palilipuka kicheko, nami nilipotoka wenzangu walijipanga pande mbili za mlango wakaniamkia mmoja mmoja, "Shikamoo mzee! Shikamoo mzee!" mpaka barabarani. Nilicheka nao, kwa kweli nilikuwa na furaha ya mtu aliyetolewa kaburini. Ni Kabula tu hakucheka. Alitangulia mbele, kanga ameikaza, hakugeuka.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kabatini, akatoa mashati yangu yote, akakaa kitandani, akachukua wembe. Nikadhani anayachana. Nikasogea. Ndani ya kola ya kila shati, kwa uzi mwekundu, alikuwa ameshona MALIMI na chini yake namba yake ya simu. Mashati saba. Alikuwa akiyashona nikiwa bafuni, nami sikuwahi kuona.

"Nilijua kuna siku utatoka na kupotea," akasema bila kuniangalia, anakata nyuzi. "Nikasema basi atakayekuokota anipigie." Akafumua herufi nyingine. "Na angenipigia, akaniambia nimemwokota Malimi, ningekwenda kumchukua nani?"

Nilikaa sakafuni nikamweleza yote, homa ya mdogo wangu, uhamisho, kila kitu, na ile "shikamoo dada" nikaiombea msamaha. Alisikiliza huku akifumua. Hakuniambia amenisamehe.

Siku hizi meneja amenirudisha kwenye mitambo, majina kwenye karatasi tunayanyoosha taratibu, na nimeapa sitaandika tena mwaka wa uongo mahali popote, hata kwenye kadi ya harusi. Mtu akiniuliza umri namjibu kabla hajamaliza kuuliza. Na ile hofu haijaisha yote, nisiwadanganye, kila nikifunga mtambo nahesabu spana mara tatu.

Kabula alikaa siku mbili bila kunisemesha. Ya tatu nilivaa shati niende kazini, nikahisi kitu kinanikwaruza shingoni, nikalivua nikaangalia. Alikuwa ameshona upya, uzi ule ule mwekundu, MABULA, na namba ya simu ni ile ile. Nikamuuliza mbona ameshona tena, si daktari amesema sina ugonjwa?

"Daktari amesema leo," akajibu, akaninyooshea mkono nimpe shati, kwani uzi ulikuwa haujakatwa vizuri.